Jibu la Kitanda cha Saba

Anayesema kompyuta haijui uchawi, akamuulize jirani yangu Kitinda. Tunamwita hivyo kwa kuwa ndiye kitinda mimba kwao. Ni fundi wa programu, na siku hiyo ilianza kama zote: chai ya haraka, kelele za feni, na bosi mwenye mdomo kama upupu.

"Saa sita majaribio yote yawe kijani," bosi alisema. "La sivyo, beba mkoba wako uende."

Kazi ilikuwa ya hospitali. Ndugu wakiuliza kama mgonjwa wao yupo wodini, programu ya Kitinda ipokee ombi na kujibu. Wakati wa kujaribu, daftari halisi la wagonjwa haliguswi. Mafundi hutengeneza la bandia, wakalifundisha jibu moja, nalo hurudia hilo hilo kama kasuku. Jaribio likifaulu huwa kijani, likifeli jekundu. Kwa uvivu wa kubuni jina, Kitinda aliandika la mama yake mzazi, aliyelazwa kitanda cha saba hospitali hiyo hiyo. Daftari la bandia akalifundisha: yupo.

Jaribio likawa jekundu.

Lilitarajiwa: yupo. Limejibu: katoka.

Lo! Neno hilo hakuliandika popote. Akalisaka faili kwa faili, halipo. Akarudia jaribio. Katoka. Aliogopa, jamani.

Bosi akainama begani kwake. "Badilisha unachotarajia. Andika katoka."

"Lakini bosi, hilo jibu si kweli."

"Nimekuomba ukweli mimi? Nimekuomba kijani."

Mafundi wote wanaijua dhambi hiyo, na wengi wameshaitenda. Kitinda akaandika: inatarajiwa, katoka. Kijani. Bosi akaenda zake akipiga mluzi.

Simu ikaita. Dada yake, aliyekuwa akimuuguza mama hospitali, akinong'ona. "Kitinda, mama umemchukua wewe?"

"Nimchukue niende naye wapi?"

"Nimegeuka kummiminia maji tu. Kitanda kitupu. Shuka limenyooshwa. Muuguzi anasema hapa hajalala mtu wiki nzima."

Kitinda hakuaga. Akafuta katoka, akaandika yupo. Jekundu. Akarudia. Jekundu. Akapiga meza kwa ngumi, machozi yakimtoka. "Mrudishe, mshenzi wewe! Mrudishe mama yangu!"

Akarudia.

Kijani.

Dada akapiga tena. "Karudi. Yupo kitandani. Lakini njoo, mdogo wangu. Njoo upesi. Nimemuuliza alikuwa wapi, kama ananitambua; hasemi ila neno moja."

"Mpe simu. Mama? Ni mimi."

"Yupo."

"Mama, nisamehe."

"Yupo," sauti ilisema. Kavu. Haikuvuta hata pumzi.

Kitinda akainua macho. Kwenye kioo cha kompyuta, chini ya ile rangi ya kijani, daftari la bandia lilikuwa limeorodhesha maombi liliyopokea dakika hiyo:

Mama, ulikuwa wapi?

Mama, unanitambua?

Mama? Ni mimi.

Mama, nisamehe.