Kadi ya Rivka

Kila siku Gaju alishuka kwenye basi la shule, akafungua nyumba yao ya Beechmont, mjini Louisville, akapasha wali moto na kumngoja mama yake atoke zamu ya bohari. Jumatatu hiyo hakugusa chakula. Alikuwa amepiga magoti, akipekua mkoba wake kwa mara ya tano.

Kadi ilikuwa imepotea. Kesho yake ilikuwa siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa kwa mamilioni huko Ulaya, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu tu walizaliwa Wayahudi. Mwalimu Adler alikuwa amempa kila mwanafunzi kadi ya buluu yenye jina la mtoto mmoja aliyeuawa, alisome mbele ya wageni. Gaju, mwenye miaka kumi na miwili na kichwa cha kusahau, aliisoma mara moja tu. Jina lilianza na R. Zaidi ya hapo hakukumbuka kitu.

Angeweza kumwambia mwalimu. Lakini mwezi uliopita alipoteza vitabu viwili vya maktaba, akaahidi mbele ya darasa kwamba hatapoteza kitu tena. Aliona heri kufa kuliko aibu hiyo, kama tusemavyo sote kabla hatujajua kufa ni nini.

Alimpigia simu rafiki yake Chimène. Chimène alimshauri atunge jina lolote, maana hakuna ambaye angejua. Basi Gaju akakata karatasi ya buluu, akaandika: Rosa Miler, miaka tisa. Akaitazama, akaanza kulia.

Simu ikalia. Alikuwa bibi yake, mama wa mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Koko. Jumamosi alikuwa amekwenda mji wa Columbus kuwatembelea ndugu. Gaju alijaribu kumsalimu vizuri, sauti ikamsaliti, akaeleza yote, hata lile jina la kutunga.

Koko alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mujomba wako Ntwari walimuua kwa kambi ya wakimbizi," alisema. "Walikuya kutuua juu ya kabila yetu tu. Mimi nilikuwa hospitali na risasi kwa mguu. Wenye waliandika majina ya wafu kwa liste hawakumujua, bon, wakatia jina ya kubahatisha. Kila mwaka wanasoma ile liste. Kila mwaka ninangoja mutoto yangu. Hawamuiti."

Gaju hakuwahi kuambiwa hayo.

"Donc, basi, usiseme hakuna mwenye atajua."

Ndipo Koko akauliza kama kadi ilikuwa ya buluu. Ijumaa aliikuta mezani, akauliza ni nini, na Gaju, macho kwenye simu, akajibu kuwa ni jina la mtoto aliyeuawa. Kwa Koko, jina la namna hiyo haliachwi mezani pamoja na vikombe. Alilitia katika Biblia yake, penye majina ya wafu wake mwenyewe, akaenda nayo Columbus. Sasa alilisoma herufi moja moja, Gaju akaandika: Rivka Lander, miaka minane.

"Ile karatasi ya bongo, ya kudanganya, uipasule," alisema Koko. "Na mwalimu umwambie yote."

Asubuhi Gaju alimwambia. Mwalimu Adler hakumgombeza. Alimwonyesha mzee mwenye fimbo, ameketi mstari wa mbele. Ni mdogo wake Rivka, alisema, na amekuja kusikia jina moja tu. Zamu ya Gaju ilipofika alisoma polepole, na mzee yule akafumba macho.

Mwezi wa Agosti jamaa zao walikusanyika mjini Buffalo, katika kanisa la Black Rock, kuwakumbuka watu wao waliouawa kambini. Safari hii mama yake Gaju alikuwa amezungumza na wasimamizi. Gaju akasimama na kadi mpya ya buluu.

"Ntwari, miaka kumi na mmoja."

"Ni mutoto yangu," Koko aliitika, akalia mbele ya watu wote.

Walipotoka nje alimshika mjukuu wake mkono. "Mutu akikufa anabakia na jina tu," alimwambia. "Kama haulijui, sema haulijui, watu watakusaidia kulitafuta. Lakini usimuwekee ya bongo."