Akidi Imetimia

Sisi watu wa Kirumba tumezoea wapangaji wa kila aina. Tumepangisha wahubiri, vinyozi, wauza mitumba, na mganga mmoja aliyehama alfajiri na jogoo wa jirani. Lakini kupangisha Bunge, hilo hatukuwahi kuliota. Tena siyo Bunge letu. Lilikuwa la nchi ya ng'ambo ya ziwa, lililofukuzwa na vita, na kamati zake zikakodi ukumbi wa harusi ulio nyuma ya soko la Mwaloni. Viti vya plastiki, mapazia ya zambarau, na madirisha yanayotazama ziwani.

Tulidhani tutaona mambo makubwa. Wapi! Nchi yao inaungua, wao wanabishana kama chai inywewe kabla ya hoja au baada ya hoja. Wanasali, karani anaita majina, wanathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, wanaahirisha. Mzee Mashimba, mwangalizi wa ukumbi, alikuwa akisinzia mlangoni mpaka kofia inamdondoka.

Karani wa Kamati ya Kanuni alikuwa Janet, jirani yetu, binti wa Shirati aliyeolewa ng'ambo na mbunge anayeitwa Zadok. Vita vilipoanza walivuka pamoja, wakapanga vyumba viwili kwetu, yeye, mumewe na mama mkwe, Rebeka. Zadok alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya kusomea redioni. Ukimsalimia, anasimama kabisa ndipo akuitikie.

Wakati wa masika, Zadok na wajumbe wenzake walivuka kwenda kuwaona watu wao kambini. Boti yao ilipigwa risasi katikati ya ziwa, ikazama. Wavuvi waliopoa baadhi ya miili. Zadok hakuonekana, wala mwenzake Collins, wala wengine waliokuwa wamekaa upande wao wa boti.

Mama Rebeka alijua la kufanya. Kwa Wajaluo kama wao, mtu akipotelea majini asipatikane, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la mvungunya. Huvikwa sanda, huliliwa, hufukiwa kama mtu, ili naye huko aliko apumzike.

"Mwanangu Janet," alimwambia, "turuhusu tukamzike nyumbani. Namsikia analia."

"Hajafa, mama."

"Kilio huanza mfiwa. Wewe ndiye mke. Ukikataa kulia, sisi tutalia vipi?"

"Bunge halijasema amekufa," Janet alijibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hapo alikuwa na hoja. Kanuni zao zilisema kiti cha mjumbe hakiwi wazi mpaka kifo kithibitishwe, na jina lisilofutwa lazima liitwe. Basi kila kikao Janet aliita: "Mheshimiwa Collins?" Kimya. "Mheshimiwa Zadok?" Hapo alingoja kidogo zaidi. Wajumbe walitazama meza. Walimwonea huruma, na yeye aliichukia huruma yao, lakini sekunde zile za kungoja ndizo zilizomwamsha kitandani kila asubuhi.

Mashimba ndiye pekee aliyethubutu kumwambia. "Mama, huku kwetu mtu wa majini asiyezikwa hatumwiti jina. Utamwita, ataitika, halafu utamweka wapi?"

Janet alicheka. Moyoni alisema, nitamweka alipokuwa.

Vita vilizidi. Wajumbe wengine waliondoka kutafuta maisha, na kamati ikaanza kukosa akidi, yaani idadi ya kuanzia kikao. Hapo Mwenyekiti, Mheshimiwa Perez, akaandaa hoja ya kuwatangaza waliopotea kuwa wamekufa, ili hesabu ipungue na kazi iendelee. Alikuwa mzee wa Bunge, aliyekalia kiti kile miaka mingi mpaka maneno ya kanuni yakawa yanamtoka yenyewe kama mtu anayesema "pole" kwa aliyejikwaa.

Siku ya hoja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ukumbi ulinuka dagaa na mapazia mabichi. Janet alikuwa hajalala. Alijua hoja ikipita, leo ndiyo mara ya mwisho kuliita jina la mumewe. Jioni Mama Rebeka atapanda basi la kuzunguka ziwa, aende kumzika nyumbani.

Akaanza kuita. Waliokuwapo wakaitikia. Perez alihesabu kwa macho, uso ukamshuka. Alipungua mmoja.

"Mheshimiwa Collins?"

Kimya.

"Mheshimiwa Zadok?"

Janet alingoja.

"Nipo."

Sauti ilitoka upande wa madirisha, kwenye viti ambavyo havikukaliwa na mtu. Ilikuwa ileile, ya kusomea redioni, ila ilikuwa na maji ndani yake. Janet alishika ukingo wa meza. Hakuogopa. Jamani, hakuogopa hata kidogo. Alifurahi.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tunavyosema. Huyu alikuwepo? Wajumbe walimgeukia Mwenyekiti. Perez alivitazama vile viti vitupu. Lakini alihitaji mtu mmoja, na mtu mmoja alikuwa ameitika. Bila mtu huyo kikao hakuna, kamati hakuna, na kwa mtu kama Perez, nchi nayo hakuna.

"Akidi imetimia," alisema. "Tuendelee."

Hoja ikasomwa. Hakuna aliyechangia. Kila mtu alitaka iishe atoke.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," walisema walio hai, kwa sauti za kikohozi.

"Wasioafiki waseme siyo."

Viti vya dirishani vililia, kama vinavyolia watu wanapoegemea. Kisha sauti zikatoka kwa pamoja. Zilikuwa nyingi kuliko majina aliyokuwa akiyaita Janet.

"Siyo."

Mjumbe mmoja alianza kusali. Perez aliinama kwa Janet, akamnong'oneza. "Karani. Umesikia nini?"

Alikuwa anamwomba. Janet alielewa. Aseme "ndiyo", na mzee atatangaza, na Mama Rebeka atalia kilio chake, na Zadok atalala. Neno moja tu. Alimfikiria mama mkwe kwenye mkeka, akisikiliza ziwa. Akafikiria kitanda chake mwenyewe, upande ule uliopoa.

"Nimesikia siyo, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema. "Wasioafiki wameshinda."

Perez alifumba macho. "Kama kuna mengineyo," alisema haraka, "hakuna? Basi..."

"Ninalo."

Zadok tena. Karibu zaidi. Sakafuni, kati ya dirisha na meza, palikuwa na unyayo wa maji.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa hoja. Kwamba karani wa kamati hii ahamie upande wetu."

"Naafiki," ilisema sauti ya Collins.

Janet aligeuka. Hakuona mtu. Alisikia harufu ya matope ya chini kabisa, yale yasiyofikiwa na nyavu. Furaha ilimtoka yote kwa mara moja, na hofu ikakaa pale ilipokuwa. Huyu hakuwa amekuja kurudi nyumbani.

Perez aliapa baadaye kwamba hakukusudia. Mdomo ulisema wenyewe.

"Hoja imetolewa na imeungwa mkono. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo."

Madirisha yalitikisika.

"Wasioafiki waseme siyo."

Janet aliwatazama walio hai. Mmoja mmoja. Watu aliowapikia chai. Watu waliokula kwake sikukuu. Mmoja aseme tu. Mmoja.

Walitazama meza.

Janet akafungua mdomo.

"Karani hana kura, mama," ilisema ile sauti, kwa upole, kama mume anayemkumbusha mkewe asisahau mwavuli.

Mdomo ukafungika.

"Nafikiri," alisema Perez huku machozi yakimtiririka, "nafikiri walioafiki wameshinda."

Mashimba alishtuka usingizini mlango ulipofunguka. Alimwona Janet akipita, viatu mkononi, akishuka kuelekea ziwani katikati ya mvua ile kubwa. Alimwita, hakugeuka. Mzee anasema, na hajawahi kubadilisha hata neno, kwamba mvua ilimlowesha bega moja tu. Bega la pili lilikuwa kavu, kama vile kando yake palikuwa na mtu mrefu anayemkinga.

Wavuvi walitafuta. Hawakupata kitu. Mama Rebeka hakumlaumu mtu. Alifunga mizigo yake akarudi ng'ambo kulekule kwenye risasi. Perez alihamia Buhongwa, mbali na maji, na watu wanasema hajibu akiulizwa swali la kukubali au kukataa, hata la chumvi mezani. Wale wajumbe wengine hatukuwaona tena, na mimi sina hamu nao.

Ukumbi sasa unatumiwa na kikundi cha akina mama wauza dagaa. Mkutano wao wa kwanza walimchagua mwenyekiti. Wakaulizwa kama wote wanakubali, wakaitikia kwa furaha, wakaanza kupiga vigelegele.

Kutoka kwenye meza tupu ya mbele, alipokuwa akikaa karani, sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kama ya mtu aliyeruhusiwa kwa kuchelewa:

"Siyo."

Siku hizi wanapiga kura kwa kunyoosha mikono.