Sare Juu ya Mota

Usigeuze uso, wewe unayesoma. Umeona taa ikififia na mashine ikiguna, ukasema, "Umeme mdogo tu," ukapita. Umeona waya umechubuka, ukapita. Basi leo hupiti. Kaa usome.

Bashira wa Kidichi naye alikuwa mpitaji kama wewe. Skuli alisoma zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alimfuata mama yake, Bi Maisara, kwenye kinu cha viungo, akafagia na kuchambua mdalasini. Wanawake kumi na wawili walipata riziki yao pale. Miaka mitatu nyuma mota ya kinu iliungua, wakakaa nyumbani miezi mitano, watoto wakila muhogo mtupu. Nani aliyekuja kuwauliza hali? Hakuna. Hayo hayasahauliki.

Asubuhi moja ya mvua za vuli, sare ya Bashira ilikuwa bado mbichi. Mota ina joto, akaitandaza juu yake, akaenda zake kuchambua.

Haikupita saa, taa ikafifia. Mota ikaguna kwa uzito, ikatoa harufu ya kuungua, kisha kimya. Bashira akakimbia, akaivuta sare iliyoziba matundu ya mota na kuificha mgongoni. Hakuna aliyemwona.

"Umeme mdogo huo!" alisema Ami Pandu, mwendesha kinu. "Na hii swichi ya kinga ni mwoga kama kuku, kila saa inakata umeme. Nipeni waya niifunge, tuone kama itakata tena!"

Bashira aliuangalia ule waya. Akisema, atagombezwa mbele ya watu. Asiposema, mota itawashwa ikiwa bado na moto, na wataionja tena ile miezi mitano.

"Ami, usifunge!"

"Lo! Umekuwa fundi tangu lini?"

Bashira aliitoa sare, imepata moto kama mkate wa mofa. "Mimi nliiziba mota. Nlianika sare yangu."

Bi Maisara alishika kiuno, lakini Ami Pandu ndiye aliyeanza kusema. Aliuweka waya chini polepole.

"Ahsante, mwanangu. Mara ile nliyefunga waya ni mimi. Mota ikaungua, nikausingizia umeme. Miaka mitatu nimenyamaza."

Walimpigia simu fundi Jatin wa Mwanakwerekwe. Alipofika alipima umeme, akasafisha unga wa mdalasini kwenye matundu ya mota, akangoja ipoe. Alipoiwasha, ikazunguka. Vigelegele vikapigwa, na Bi Maisara akamkumbatia bintiye.

"Umeme ukiwa mdogo, mota hulemewa na kupata moto," alisema fundi Jatin. "Ukiyaziba matundu yake, joto halina pa kutokea. Swichi ikikata, inakuokoeni. Msiifunge! Ulizeni kwa nini imekata, na niiteni niipime kabla haijaharibika. Leo mshukuruni Bashira. Mimi nimesafisha vumbi tu. Yeye amesema kweli."

Bashira alikwenda skuli na sare iliyokunjamana, inanukia mdalasini, akawa anacheka peke yake njia nzima.

Na wewe? Unaijua ile swichi iliyofungwa waya, ile mashine iliyozibwa kwa magunia. Usiiguse. Funga kitabu, mshike mkono mtu mzima, mpeleke akaione, na usibanduke hapo mpaka fundi aitwe. Si kesho. Inuka sasa hivi!