Muuaji wa Vidole Tisa

"Masalu, hebu tuonyeshe mkono wako."

"Wa nini?"

"Wa kushoto. Unyooshe tu, hatuuli."

Watu wakacheka. Ilikuwa saa saba mchana, wachimbaji wamejibanza kivulini nyuma ya karasha, mashine ya kusagia mawe, wakisubiri ugali. Aliyeshika kitabu alikuwa Davis, mwenye sauti ya mtangazaji. Kila kitabu kipya cha mwandishi Apolonia kilipofika machimbo yale ya jirani na Bulyanhulu, Davis alisoma na wengine wakasikiliza, maana nakala ilikuwa moja na kila mtu alitaka kuwa wa kwanza kumjua muuaji.

Masalu akaunyoosha mkono. Kidole kidogo hakikuwepo. Miaka saba sasa.

"Haya, sikilizeni tena," Davis akasema, kisha akasoma: "'Aliishika kamba kwa mkono wa kushoto, mkono usio na kidole kidogo. Chini ya duara rafiki yake alikuwa akiita jina lake. Yeye akachomoa kisu.'"

Hakuna aliyecheka tena.

"Endelea," Masalu akasema.

"Pameishia hapo. Wameandika sehemu ya pili iko njiani."

"Lete hicho kitabu."

Masalu alikuwa ameishia darasa la tano, lakini alisoma, taratibu, kidole kikifuata mstari. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa lile lile alilofia rafiki yake Luhende. Jumatatu ile ile, udongo ule ule ulioporomoka. Kila alichomsimulia Apolonia, wakiwa wawili tu, kilikuwa kimechapwa. Kitu kimoja tu hakikuwemo: chapa. Luhende alikuwa fundi wa matimba, ile miti ya kuzuia udongo usianguke, na kila mti alioukata aliuchonga chapa ya ng'ombe wa kwao, mikato mitatu na msalaba. Hiyo Apolonia aliiacha.

"Si ndiye mchumba wako huyu mwandishi?" mzee mmoja akauliza. "Si unapeleka ng'ombe Jumamosi ya wiki ijayo?"

"Anaoa polisi," Davis akasema.

Masalu akamrudishia kitabu, akaenda nyuma ya karasha, akapiga simu.

"Baba Vumilia! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

"Dada Apolonia, habari za kazi?"

Masalu hakuwahi kumwita dada hata siku moja.

"Umekisoma," Apolonia akasema.

"Nimesomewa. Mbele ya watu thelathini. Mimi nilikusimulia wewe, sikuwasimulia wanunuzi wa vitabu."

"Najua."

"Kwa hiyo na wewe unaamini niliikata kamba?"

"Subiri sehemu ya pili."

"Mimi si msomaji wako leo! Niambie sasa hivi mwisho wake nini!"

"Siwezi. Si wiki hii. Naomba uniamini."

"Basi ng'ombe hawaji."

Akakata.

Sasa ujue Apolonia ni nani. Alikuwa karani wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, pale Shinyanga, na riwaya yake ya kwanza aliiandika nyuma ya fomu za mizani. Jineri ikafungwa, yeye akaendelea. Miaka kumi na tisa, vitabu arobaini na nne, vyote vya mauaji, na hakuna maiti mbili zilizokufa kwa namna moja. Aliamka alfajiri nyumbani kwao Kambarage, akaandika kwenye kaunta buku mpaka adhana ya adhuhuri, ndipo akapika. Mwaka aliomuuguza mama yake aliandika vitatu. Kuna kondakta wa basi aliwahi kuwasahau abiria wanne Tinde kwa sababu alikuwa ukurasa wa mwisho. Askari walikuwa wakinunua vitabu vyake kimyakimya, wanakunja jalada kwa ndani.

Masalu alimjua kwa simu. Kitabu cha thelathini na saba kilikuwa na muuaji anayeshuka duarani mita arobaini akiwa na chemli. Masalu akatafuta namba nyuma ya jalada.

"Mama, chemli huko chini inazimika, hewa hakuna. Huyo muuaji wako angekufa kabla ya marehemu."

"Wewe nani?"

"Msomaji. Darasa la tano."

Mwanamke akacheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza: "Kwingine nimekosea wapi?"

Tangu hapo kila kitabu kilipotoka alimpigia, "Safari hii makosa mangapi?" na Masalu akahesabu. Matano. Mawili. Moja. Apolonia alikuja machimboni na mabuti ya mpira, akashuka duarani mwenyewe, akapanda amejaa tope usoni akiuliza maswali. Masalu, aliyefiwa na mke miaka tisa iliyopita na mwenye binti mmoja, alimtazama akijipangusa tope kwa kiganja, akajua ameshapenda.

Siku tatu baada ya Masalu kumkatia Apolonia simu, gari jeupe liliingia machimboni. Bartholomeo akateremka. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye duara alilofia Luhende. Siku hizi alikuwa na maduara sita na tumbo la kuyatangulia. Mkononi alikuwa na bunda la vitabu.

"Chukueni, vijana, bure! Leo nawasomesha!" Akamwona Masalu. "Aa, na wewe upo? Chukua nakala, uone mkeo alivyokuchora."

"Sina mke."

"Hata angekuwa wangu ningemkimbia." Akacheka, akamgonga begani. "Mimi siku zote nilisema, duara langu halikuwa na shida. Shida ilikuwa watu."

Jioni ya siku hiyo ujumbe wa Apolonia ukaingia: "Bartholomeo amegawa vitabu?"

Masalu akajibu: "Amegawa. Umefurahi?"

"Amecheka?"

"Amecheka sana."

"Vizuri. Kula, ulale."

Masalu aliutazama ule ujumbe akaona mwanamke huyu ama ni mwendawazimu ama hana moyo.

Baba yake mdogo, mzee Maige, aliyekuwa ameshawatenga ng'ombe kumi na wawili wa mahari, alipiga simu asubuhi, akamwamkia mwanawe kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia mambo. Hivi tunatoa ng'ombe kumi na wawili kwa mtu anayetuita wauaji?"

"Warudishe malishoni, baba."

"Nimewarudisha. Lakini nikuulize. Wewe si ndiye uliyetusomea vile vitabu vyake hapa nyumbani, mwaka mzima?"

"Ndiyo."

"Basi mimi sijui kusoma, ila nilikuwa nasikiliza. Sasa, yule anayeshukiwa mwanzoni, hata mara moja aliwahi kuwa ndiye muuaji?"

Masalu akaanza kuhesabu vitabu kwa vidole.

"Haya, mimi nauliza tu," mzee akasema, akakata simu kuokoa salio.

Swali lile lilikaa naye wiki nzima. Lilikuwa naye duarani, lilikuwa naye kwenye ugali. Vitabu arobaini na tatu alivyovijua kama mistari ya kiganja, na hakuna hata kimoja ambacho yule wa mwanzoni alikuwa ndiye. Lakini vile vilikuwa vya watu wa kubuni. Hiki kilikuwa na kidole chake.

Alhamisi saa nne asubuhi simu ikaita. Namba ngeni.

"Masalu?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mbuke."

Masalu akakaa chini, juu ya kiroba cha mawe. Mbuke, mke wa Luhende. Siku ya mazishi alimtemea mate miguuni mbele ya watu, akiamini ndiye aliyemwachia mumewe kamba, na miaka saba hakuitikia salamu yake hata moja. Masalu alikuwa akipita Runzewe anavuka barabara ili asimpe taabu ya kumnyamazia.

"Shemeji," Mbuke akasema. "Njoo Runzewe. Njoo leo."

Alichukua bodaboda mpaka huko, vumbi mpaka kwenye kope.

Mgahawa wa Mbuke ulikuwa banda la bati pembeni ya stendi. Bartholomeo ndiye aliyemjengea baada ya msiba. Alisema ni pole yake kwa mjane, na watu walimsifu kanisani. Leo mabati yote yalikuwa yameezuliwa, yamepangwa chini. Mbuke alikuwa amesimama kati ya meza akitazama juu. Pembeni yake, ngazi mkononi, Apolonia.

Masalu hakumsalimu. Alimwendea Mbuke.

"Panda," Mbuke akasema. "Uone mwenyewe."

Akapanda. Boriti nne nene zilibeba paa lile, nyeusi kwa masizi ya miaka saba. Juu, upande uliokuwa umefunikwa na bati, mtu alikuwa amezifuta kwa kitambaa. Mikato mitatu na msalaba. Boriti ya pili, mikato mitatu na msalaba. Ya tatu. Ya nne.

"Hizi ni..."

"Matimba ya duara lenu," Apolonia akasema kutoka chini. "Jumapili mlipokuwa mapumzikoni Bartholomeo aliyang'oa ya chini kabisa. Alitaka kuyahamishia kwenye duara lake jipya asinunue mengine. Jumatatu Luhende akashuka. Baada ya kifo akaogopa kuyatumia, watu wangeijua chapa. Akayaleta hapa, akageuza chapa juu, akapiga bati."

"Miaka saba," Mbuke akasema. "Nimepika chini yake miaka saba, Masalu. Nikimwombea huyo mtu baraka. Nikikulaani wewe."

Masalu alishuka ngazi. Alimgeukia Mbuke, akafunika uso kwa ule mkono wa vidole vinne, na mtu mzima wa miaka arobaini na sita akalia kwa sauti, abiria wa stendi wakitazama.

Mbuke akamshika mabega.

"Aliita jina lako," akasema. "Watu waliniambia alikuita wewe, nikadhani alikuwa anakulilia kwa ubaya."

"Alisema nishike. Nilishika, Mbuke. Nilishika mpaka kamba ikaondoka na kidole."

"Najua. Sasa najua."

Baadaye, chai imeshanywewa, Mbuke amekwenda kuzungumza na askari waliokuja kuzipiga picha boriti, wakabaki Masalu na Apolonia.

"Ulijuaje?" Masalu akauliza, bado hamtazami.

"Ulinisimulia habari ya chapa. Nikaja hapa kula, kumwona tu mjane wa kitabu changu. Nikatazama juu. Nikajiuliza, boriti za mgahawa mdogo hivi zina unene huu kwa nini? Nikaazima ngazi, nikapapasa chini ya bati, vidole vikaikuta chapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningemfuata Bartholomeo na panga."

"Sasa hivi ungekuwa ndani, yeye yuko nje. Tena alikuwa ameshaanza kunusa. Alisikia naulizauliza huku, akaleta matofali, akamwambia Mbuke anataka kumjengea banda zuri zaidi. Boriti zingekuwa kuni. Nilihitaji atulie siku kumi tu, polisi wamalize taratibu zao."

"Ndiyo ukamtulizia na mimi."

"Nikamtulizia na wewe. Alipoona kitabu kinasema ni mwenye vidole tisa, aliyaacha matofali yake, akaanza kugawa vitabu. Wamemchukua leo alfajiri."

"Amecheka?"

"Leo hapana."

Masalu nusura atabasamu, akajizuia.

"Watu thelathini, Apolonia. Na vijiji vyote vinavyokusoma. Siku kumi nimekuwa muuaji."

"Ulikuwa muuaji miaka saba, Baba Vumilia. Walikuwa wanasema nyuma yako. Mimi nimewafanya waseme mbele, ili wajibiwe mbele." Halafu sauti ikashuka. "Lakini mkono ni wako, si wangu. Nilipaswa kukuuliza kabla ya kuuandika. Sikuuliza. Nimekaa siku kumi nikikuandikia ujumbe nafuta, naandika nafuta. Hilo ni kosa, na nisamehe. Ukikataa nitaelewa."

Mwanamke aliyewashinda akili maelfu ya wasomaji alikuwa amekaa kwenye benchi la mgahawa, anachezea kifuniko cha kalamu, hajui ukurasa unaofuata. Masalu alimtazama akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika vitabu vyake vyote. Alikuwa anaogopa.

"Kiko wapi hicho kitabu?"

Akakitoa kwenye mkoba. Sehemu ya pili, bado inanuka wino. Masalu akakaa mwisho wa benchi, akampa mgongo, akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari. Jua likahama. Mbuke akaleta viazi, vikapoa. Apolonia akahesabu mabasi ya Kahama mpaka akachoka.

Mwishowe Masalu akafunga jalada.

"Makosa mangapi?" Apolonia akauliza, kwa sauti ndogo.

"Umeandika analia mbele ya mjane."

"Ndiyo."

"Hiki kimechapwa wiki iliyopita. Mimi nimelia leo."

"Nakufahamu."

Masalu akatikisa kichwa. Vitabu arobaini na nne, akawaza. Arobaini na nne, na bado anazidi.

"Basi lipo moja tu," akasema.

"Lipi?"

"Ukurasa wa mwisho. Jina lake limesafishwa, watu wanampa mkono, halafu anarudi nyumbani peke yake. Umemwacha hana mke."

Apolonia akaweka kalamu chini. "Wakati naandika sikuwa na uhakika na hapo."

Masalu akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, ng'wanawane. Vipi huko?"

"Wale ng'ombe wako wapi?"

"Wapo. Nilisema nimewarudisha malishoni, sikusema mbali." Mzee akakohoa. "Kwani muuaji ni nani?"

Masalu akamtazama Apolonia. Apolonia akatikisa kichwa, kidole mdomoni.

"Mwenyewe anasema nisikuambie, baba," Masalu akasema. "Atakusomea Jumamosi, ukifika na ng'ombe."