Nyota Iliyomfungua Tusekile Mdogo

Sogea unisikilize, ndugu yangu, na mambo ya kompyuta yasikutishe... nitakueleza taratibu. Nina miaka thelathini na sita. Nina duka la steshenari Tunduma, na Mungu amenipa watoto wa kiume watupu.

Kwetu Ileje, kwenye ukoo wa mume wangu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Mama mkwe wangu aliitwa Tusekile. Kila nilipojifungua mvulana nilifurahi, kisha nikalia kimyakimya. Jina la mama litakaa kwa nani?

Alipougua nilimchukua kwangu. Nilimwogesha na kumlisha kwa mikono yangu. Siku moja nikamwomba anisamehe kwa kutomletea binti. Akanishika mkono. "Usilie, Mama Ipyana. Jina langu halijapotea." Nilidhani ni imani tu ya mtu mzima...

Tulimzika kijijini kwao, Mbebe. Siku ya kuondoa matanga, ndugu wakataka kuziona picha zake ukutani, kwa projekta tuliyoazima kanisani. Picha zilikuwa zimetawanyika kwenye kompyuta ninayotumia pamoja na mume wangu. Nikaandika faili dogo la amri, lile unalolibonyeza mara moja na kompyuta ikatekeleza maagizo yenyewe:

for /r D:\ %%f in (Tusekile*.jpg) do start "" "%%f"

Maana yake ni nyepesi. Ingia kila folda ya diski D, na kila picha ambayo jina lake linaanza na Tusekile, ifungue. Ile nyota inasema: baada ya hapo kifuate chochote. Nyota haichagui, ndugu yangu. Haijui kipi cha wageni na kipi cha siri.

Nikabonyeza mbele ya watu wote.

Picha zikaanza kufunguka, moja juu ya nyingine. Mama kwenye shamba lake la kahawa. Mama na sare ya kwaya. "Mwoneni na mapozi yake," shangazi mmoja akatania, "nyie wasichana hamfui dafu kwake!" Tukacheka huku tunafuta machozi.

Kisha kompyuta ikafika kwenye folda ya Mpunga, ambamo mume wangu huweka mambo ya biashara yake ya mpunga kule Kamsamba. Sikuwahi kuifungua. Ya nini? Mpunga ni mpunga.

Ukutani akatokea mtoto wa kike mwenye gauni la njano, amepakatwa na mwanamke nisiyemjua. Macho ya mtoto yalikuwa ya mume wangu kabisa. Juu ya picha jina likasomeka: Tusekile mdogo.

"Zima hiyo, Mama Ipyana," mume wangu akasema. "Ina virusi."

Hakuna aliyecheka. Ikafunguka nyingine, ya mwisho... Mama mkwe wangu mwenyewe, amembeba yule mtoto, anatabasamu kwa raha ambayo sikuwahi kumpa.

"Wifi, zima basi," dada yake mume wangu akaninong'oneza. "Tutaongea ndani."

"Kwa hiyo hata wewe, wifi?"

Akanyoosha mkono, akaizima kompyuta mwenyewe.

Jina la mama kweli halikuwa limepotea. Lilikuwa Kamsamba, linajifunza kutembea, na mimi ndiye pekee niliyelililia.

Nimerudi Tunduma na wanangu. Mume wangu hutuma ndugu waje kumwombea msamaha kwangu, nami huwapa chai, tunaishia hapo. Yule mtoto sina kinyongo naye. Ila kumkumbuka mama nimeshindwa... nikijaribu, naiona ile picha ya mwisho.

Wewe mwenye siri, mwambie mwenzako ukiwa umekaa naye, kabla hajaisoma ukutani na ukoo mzima. Na wewe unayejifunza amri hizi, endelea, utaziweza. Ila kabla ya kufungua chochote kwa nyota, kaa peke yako, andika dir /s D:\Tusekile*.jpg ukiweka jina unalolitafuta wewe, ikuorodheshee majina tu bila kufungua picha, kisha soma kila mstari mpaka mwisho.