Silaha Hairudishwi Chafu

Koplo Ngala alikutwa amelala chali kwenye sakafu ya bohari ya silaha, saa saba na nusu mchana, risasi moja kifuani. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye mizinga ya manowari na kutungua makombora yakiwa bado angani. Aliuawa kwa kirisasi cha bastola, tena nchi kavu, kambini Likoni.

Ganda la risasi lilikuwa karibu na mguu wake. Bastola haikuwepo pale chini.

Mramba, mfagiaji wa kambi, ndiye aliyepiga kelele. Shati lake liliroa damu, na asubuhi watu walimsikia akigombana na Ngala kwa sababu ya viatu vyenye matope. Basi wanajeshi wakaona kesi imekwisha. Wakamtia pingu na kumpigia simu mpelelezi aje amchukue.

Inspekta Dorothy Nduku hakupenda kuandaliwa kesi iliyokwisha kuiva.

"Damu hii umeitoa wapi?"

"Nilimwinua, madam. Haki ya Mungu, nilidhani yu hai."

"Na bastola?"

"Mimi ni mtu wa ufagio. Hizo sijawahi hata kuzigusa."

Nduku aliingia boharini na Sajenti Erastus Kimani, mtunza silaha kwa miaka ishirini na miwili. Bastola kumi na mbili zilikuwa kwenye rafu, zote zimetimia. Erastus huzisafisha kila Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nje palikuwa pakichimbwa mtaro, na vumbi lilikuwa limegandia mafuta ya bastola kumi na moja. Namba saba iling'aa.

Nduku alivaa glavu, akaiinua, akainusa.

"Hii imesafishwa leo, Sajenti."

"Labda marehemu aliisafisha."

"Alipokwisha kufa?"

Nduku alimwita Mramba, akamfungua pingu, akampa bastola namba mbili, tupu.

"Ifungue uisafishe."

Mramba aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa panya aliyekufa.

"Muuaji mwingine angeitupa baharini, na bahari ile pale," Nduku alisema. "Humu kuna mtu mmoja tu asiyeweza kuiacha chafu."

Erastus alikaa juu ya sanduku la risasi. Aibu ilimshika hadi masikioni.

"Silaha hairudishwi chafu," alisema. "Mikono ilifanya yenyewe. Ngala alitoka zamu, akanirudishia bastola. Tulikuwa tunacheka. Nikakoki kwanza, risasi ikapanda kwenye mtutu, ndipo nikatoa magazini, kile kibweta cha risasi. Risasi moja ikabaki ndani. Hata sikuielekeza kwenye pipa la mchanga la kujaribia. Nikafyatua kuhakikisha ni tupu."

"Ni ajali. Kwa nini hukusema?"

Alionyesha kibao ukutani, alichokiandika kwa mkono wake: MAGAZINI KWANZA.

"Nimewafundisha mamia ya vijana maneno hayo, madam. Waliosahau niliwaadhibu bila huruma. Ningewatazama vipi? Mramba aliposhikwa, nikajiambia, sasa hivi nitasema. Sasa hivi. Sikusema."

Mramba aliirudisha bastola mezani polepole.

"Afande, miaka tisa nakuletea chai hapa mlangoni. Ungeniacha nifungwe maisha?"

Erastus alimtazama. Angeweza kudanganya, na Mramba, kwa wema wake, angemwamini.

"Ningekuacha," alisema.

Kisha akanyoosha mikono. Nduku hakuwa na pingu nyingine. Alimvisha zile zile alizomvua Mramba, bado zina damu ya Ngala.