Komeo la Mwisho

Asubuhi hiyo sauti ya Mhandisi Leokadia Nyabenda ilisikika mahali pengi kwa wakati mmoja. Kwenye mashavu, ile mitambo mikubwa inayochuja hewa kutoka majini, iliagiza feni zipunguzwe kasi. Kwenye bohari ilimkemea mtu aliyeacha ngazi njiani. Kwenye Lango la Magharibi ilitaja makomeo moja baada ya jingine, kwa utulivu wa mtu anayepanga vyombo kabatini. Leokadia mwenyewe alikuwa amekaa ndani ya lifti inayopanda kwenda nchi kavu, amevaa kitenge kipya, na mdomo kaufumba.

Waliokuwa wakisema ni makaimu.

Jiji la Kina lilijengwa chini ya Ziwa Tanganyika. Watu walipika, walilala, waligombana na majirani, huku ziwa zima likiwa juu ya vichwa vyao, na walikwisha kuzoea. Leokadia hakuzoea hata siku moja. Ndiyo maana alikuwa mhandisi mkuu hodari, na ndiyo maana alikuwa bosi mgumu. Kazi ya mtu mwingine haikumkaa moyoni mpaka aiguse mwenyewe. Siku alipozimia mbele ya mafundi, spana mkononi, halmashauri ya jiji ilisema basi, sasa inatosha. Ikamletea makaimu.

Kaimu ni mashine yenye kimo cha mtu na mikono mirefu ya chuma. Hujifunza kazi zaidi kwa kumtazama mkubwa wake, siku baada ya siku, kuliko anavyojifunza kwa kuambiwa. Makaimu wa Kina walipewa sauti ya Leokadia, kwa kuwa mafundi hawakuzoea kutii sauti nyingine. Naye Leokadia akatunga sharti: hakuna kaimu atakayepokea kazi kwa maneno matupu. Mkubwa asimame naye, aweke kiganja juu ya mkono wa chuma, waifanye kazi pamoja, ndipo atamke, "Nimekukabidhi." Halmashauri ilimpongeza kwa uangalifu huo. Wangemjua vizuri wasingempongeza. Alitaka tu kazi zichelewe kumtoka mikononi.

Hata hivyo alikabidhi, moja moja, kwa shingo upande. Na jioni, watu wakishaondoka, alipita nyuma ya makaimu kimyakimya. Hapa analegeza na kukaza upya, pale anarudia kipimo, kule anafuta vumbi ambalo halikuwapo. Hakumwambia mtu. Aliona haya, maana vikaoni ni yeye huyohuyo aliyewahubiria wasaidizi wake habari za kuaminiana.

Lakini leo binti yake, Ansila, alikuwa na sherehe ya kuagwa kabla ya harusi yake huko juu, Kigoma. Wiki iliyopita Ansila alimpigia simu akasema bila hasira yoyote, "Mama, usipoweza kuja nitaelewa. Nimezoea." Maneno hayo yalimchoma Leokadia kuliko matusi. Kwa hiyo jana jioni, kwa mara ya kwanza, hakupita nyuma ya kaimu yeyote. Alikwenda kusukwa nywele.

Lifti ilipanda taratibu, kwa sababu mwili hauvumilii kutolewa kilindini kwa pupa. Ikishaanza safari haisimami wala hairudi. Na aliyefika juu haruhusiwi kushuka mpaka kesho yake.

Akachukua redio ya mkononi. "Lango la Magharibi, hali ikoje?"

"Imekamilika, Mhandisi," sauti yake ikamjibu. "Lango la nje lilifungwa jana jioni. Maji yametolewa kwenye chumba cha kati ya milango miwili. Kikosi cha Gwimo kimeingia kukwangua konokono waliogandamana na kuta, na mlango wa ndani umefungwa nyuma yao."

Gwimo alikuwa msaidizi wake wa miaka mingi, baba wa mapacha, mtu wa utani asiyekosa neno hata kwenye msiba. Leokadia akatabasamu. Alikuwa anataka kuzima redio, ila mazoea yakamshika.

"Makomeo yote yamefungwa?"

"Yote yaliyo yangu."

Akaibana redio sikioni. "Rudia."

"Yote yaliyo yangu, Mhandisi. Limebaki la mwisho. La mwisho ni lako."

Alielewa papo hapo. Siku ya makabidhiano alimshikisha kaimu makomeo yote, pamoja na lile la chini kabisa. Lakini jioni zote zilizofuata alirudi kulilegeza lile la chini na kulikaza upya kwa mkono wake, na kaimu akiwa amesimama palepale anamtazama. Mwanafunzi mwenye akili angefikiri nini? Angefikiri amenyang'anywa, basi aache kujisumbua.

"Lifunge," alisema. "Lifunge sasa hivi."

"Ulilichukua, Mhandisi. Kulipokea tena kunahitaji kiganja chako."

Ilikuwa sauti yake, na sharti lilikuwa lake pia.

Akabadili mawimbi. "Gwimo! Tokeni humo."

"Mama?" Gwimo alijibu, nyuma yake vyuma vikikwangua. "Mlango wa ndani haufunguki. Kuna maji kidogo hapa sakafuni, tukadhani ni ya jana."

Si ya jana. Na mlango wa ndani ukinusa maji haufunguki hata kwa amri ya meya, kwa sababu nyuma yake liko jiji zima.

"Lango la nje, komeo la chini, mkono wa kushoto. Liko wazi."

Gwimo aliuliza, "Lile si huwa unakuja kulikaza mwenyewe?"

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Tunajua wote, Mama. Hata mahesabu yangu ya shinikizo siku hizi siyarudii. Najua utayapitia."

Leokadia alitamani kulia, lakini nafasi haikuwapo. Kwenye redio maji yalikuwa yameanza kupiga mluzi mwembamba, na mtu mmoja alikuwa anasali Salamu Maria kwa haraka. Angekuwa pale langoni angelifunga komeo lile hata usingizini. Sasa ilibidi alifunge kwa mdomo.

"Shika gurudumu la komeo kwa mikono miwili. Zungusha kulia. Litagoma katikati, usiogope, mwite mtu akusaidie."

"Limegoma."

"Bado. Sukumeni."

"Limegoma, Mama, na maji yananifika magotini."

"Sukumeni, Gwimo. Halijafika. Sukumeni."

Kitu kikagonga kwa kishindo, Gwimo akapiga ukelele, na mluzi wa maji ukakatika.

"Gwimo?"

Gwimo alijibu akihema. "Yamekata. Maji yamekata. Lakini gurudumu limerudi kwa nguvu, Mama. Limenibana. Vidole viwili... sijui. Sivioni."

Leokadia aliteleza mpaka sakafuni na kitenge chake kipya. Gurudumu lile hurudi. Linapofika mwisho hurudi mara moja kwa nguvu, na mtu huondoa mkono wa kushoto kabla. Mkono wake ulijifunza hivyo zamani na tangu hapo uliondoka wenyewe bila kumwuliza. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifunga.

Alilia kidogo. Kisha wazo jingine likamjia, akaacha kulia. Akafungua mawimbi ya wote.

"Makaimu wote. Nani ameniachia kazi?"

"Mashavu ya kaskazini. Kichujio cha akiba ni chako, Mhandisi."

"Hospitali. Swichi ya umeme wa dharura ni yako, Mhandisi."

"Shule ya Kati. Valvu ya hewa ni yako."

Taarifa zikazidi kuja, zikikatizana, zote kwa sauti yake, hakuna hata moja yenye wasiwasi. Lifti iliendelea kupanda.

Gwimo naye alikuwa akisikiliza. "Mama," alisema, "utashuka saa ngapi?"

"Sishuki leo." Akajipangusa machozi. "Ufungwe huo mkono kwanza. Halafu wagawie watu kazi hizo kwa redio, kila mmoja kitu kimoja. Kabla hajakigusa aniite, nimweleze kinauma wapi."

"Halafu kesho utapita mwenyewe kuhakikisha?"

Aliliona jiji lote chini yake, limeshikwa na mikono ambayo hakuwahi kuiangalia.

"Hapana," alisema. "Akishafunga, amefunga."

Mlango wa lifti ulifunguka, jua likamwingia machoni. Ansila alikuwa amesimama nje na gauni lake la sherehe, akamkuta mama yake amekaa sakafuni, redio sikioni. Leokadia akamnyooshea mkono wa pili, akaushika wa binti yake, lakini hakuinuka.

Redio ikaita. Sauti ilikuwa ya mwanamume asiyemjua.

"Shikamoo, Mhandisi. Niko kwenye swichi ya hospitali."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ntakije, Mama. Zamu ya pili. Nina miaka sita hapa."

Miaka sita. Leokadia akafumba macho, akajaribu kukumbuka uso wake, akaukosa.

"Haya, Ntakije," alisema. "Usiguse bado. Kwanza niambie mkono wako wa kushoto uko wapi."